Maji Yaliyosahauliwa: Kulilinda Lori la Kusukuma Zege katika Baridi Kali

Msomaji aliyezaliwa na kukulia katika nchi za joto huenda akaona ajabu akiambiwa kwamba ndoo moja ya maji matulivu yaweza kupasua chuma kinene cha mashine yenye uzito wa makumi ya tani, tena usiku, bila ya mtu kuigusa mashine hiyo. Hata hivyo jambo hilo hutokea katika nchi zenye majira ya baridi kali. Lori lililofanya kazi vizuri jioni hukutwa asubuhi pampu yake imepasuka, mabomba yake yameziba, na injini yake haikubali kuwaka. Hakuna adui aliyelivamia. Ni maji tu, ambayo mwendeshaji alisahau kuyamwaga.

Katika makala hii tutaeleza kwa nini baridi huiharibu mashine ya namna hiyo, na ni mambo gani yapasa kufanywa ikiwa hapana budi lori lilale nje. Mashine tutakayoitumia kuwa mfano ni lori la kusukuma zege, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachodhurika kwa baridi: maji, mafuta, hewa iliyoshindiliwa, umeme wa betri, chuma na mpira. Mahali petu pa mfano patakuwa mji wa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada. Huko, katika mwezi wa Januari, halijoto ya mchana kwa wastani ni karibu nyuzi 11 za Sentigredi chini ya sifuri, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Ziko siku ambazo kipimo kimeshuka chini ya nyuzi 40. Pamoja na hayo yote, nyumba hujengwa, na zege humwagwa.

Mashine yenyewe

Lori la kusukuma zege ni gari kubwa lililobeba pampu na mkono mrefu wa chuma unaokunjwa na kukunjuliwa. Zege lililokwisha kuchanganywa humiminwa katika beseni lililo nyuma ya gari. Chini ya beseni kuna silinda mbili nene, zenye pistoni zinazokwenda kwa zamu: moja ikivuta zege kutoka katika beseni, nyingine hulisukuma katika bomba. Bomba hilo hupanda juu ya mkono na kulifikisha zege ghorofani, au ng'ambo ya shimo la msingi, mahali ambapo toroli lisingefika.

Nguvu ya kusukuma hutoka katika mafuta yanayogandamizwa na pampu inayoendeshwa na injini ya gari. Huu ndio mfumo wa haidroliki. Kati ya silinda za mafuta na silinda za zege kuna sanduku la chuma lililojazwa maji. Kazi ya maji hayo ni kupoza na kuosha fito za pistoni kila zinapopita. Tena gari hubeba tangi la maji ya kuoshea, ambalo kwa kawaida huchukua mamia ya lita, pamoja na pampu ndogo ya kuyasukuma maji hayo kwa nguvu. Msomaji ayakumbuke maji haya ya mahali pawili, kwani ndiyo kiini cha habari yetu.

Tabia ya ajabu ya maji

Vitu vilivyo vingi hunywea vinapopoa, navyo huzidi kunywea vinapogeuka kuwa yabisi. Maji hayafuati desturi hiyo. Yakipoa kutoka halijoto ya kawaida hunywea kidogo kidogo mpaka yafike nyuzi 4. Hapo hugeuza mwendo na kuanza kutanuka. Yanapoganda katika nyuzi 0, hutanuka kwa ghafla kwa kiasi cha asilimia 9. Lita 100 za maji huwa takriban lita 109 za barafu.

Sababu ya tabia hii ni umbo la molekuli za maji. Katika hali ya kimiminika, molekuli hizo husukumana na kupishana kama watu sokoni. Zinapoganda, kila moja hushikana na nyingine nne kwa mpangilio maalumu wenye nafasi wazi katikati yake. Mpangilio huo ni imara, lakini unahitaji nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana barafu huelea juu ya maji, na ndiyo maana chupa ya soda iliyosahauliwa katika friji ya kugandishia hupasuka.

Kama chombo kiko wazi, barafu huinuka juu na hapana madhara makubwa. Lakini kama maji yamefungiwa pande zote, barafu haina pa kwenda isipokuwa kuzisukuma kuta. Katika halijoto ya nyuzi 22 chini ya sifuri, maji yaliyofungiwa kabisa yaweza kuleta kanieneo inayokaribia mara 2,000 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Hapana ganda la pampu, wala kiwiko cha bomba, wala vali iliyotengenezwa kuhimili nguvu hiyo. Chuma cha kusubu hupasuka kama chungu. Tena ufa wa namna hii hauonekani mara moja, kwa kuwa barafu yenyewe huuziba. Huonekana barafu inapoyeyuka na maji kuanza kuvuja, pengine katikati ya kazi.

Kutokana na maelezo haya twapata kanuni ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote: lori halilindwi kwa kufunikwa, bali hulindwa kwa kumwagwa maji yote. Mahali pasipo na maji, baridi haina cha kupasulia.

Mahali maji yanapojificha

Kumwaga maji ya tangi ni rahisi, na kila mwendeshaji hukumbuka kufanya hivyo. Hatari iko katika maji yanayobaki mahali pengine. Mwendeshaji mwangalifu huwa na utaratibu mmoja asioubadilisha, naye huufuata kila jioni hata kama amechoka.

Kwanza hufungua kizibo cha sanduku la maji lililo kati ya silinda, na huzisogeza pistoni mbele na nyuma mara chache ili maji yaliyoganda katika pembe yatoke. Barafu ikibaki humo, asubuhi pistoni ya mpira itasukumwa juu ya vipande vyenye ncha kali kama kioo, nayo itachanika kabla kazi haijaanza.

Pili humwaga tangi la maji ya kuoshea, na huacha kizibo chake wazi usiku kucha. Kizibo kikifungwa, matone yanayoteremka kutoka juu hujikusanya chini na kuganda papo hapo penye uzi wa kizibo.

Tatu hushughulikia pampu ndogo ya maji. Hii ndiyo inayopasuka mara nyingi, kwa kuwa vyumba vyake ni vidogo na maji hayatoki kwa uzito wake yenyewe. Hufunguliwa vizibo vyake vyote, kisha huzungushwa kwa muda mfupi sana, au hupulizwa hewa, mpaka pasionekane hata umande ukitoka. Mipira ya kuoshea hufunguliwa, hunyoshwa ili maji yatoke, na huhifadhiwa mahali penye joto. Bomba lililopinda chini katikati, hata likiwa wazi ncha zote mbili, hubaki na maji katika bonde lake. Huko ndiko kunakosahauliwa.

Nne hufungua vali zilizo chini ya mitungi ya hewa ya breki. Hewa ya kawaida ina mvuke wa maji. Inaposhindiliwa na kupoa, mvuke huo hugeuka kuwa maji na kutuama chini ya mtungi. Maji hayo yakiganda ndani ya vali au katika bomba jembamba, breki zaweza kukataa kushika au kukataa kuachia. Magari mengi ya siku hizi yana kikaushio cha hewa, lakini kikaushio kilichochoka ni sawa na kutokuwapo.

Zege lililobaki bombani

Sasa tuje kwenye zege. Bomba la mkono mara nyingi lina kipenyo cha milimita 125. Tukichukua urefu wa meta 40, tutaona kwamba ndani yake mnaenea karibu lita 490 za zege, uzito unaozidi tani moja. Kazi inapokwisha, zege hilo lote lazima litolewe. Katika nchi yenye joto, mwendeshaji aliyezembea hupambana na zege lililoshika. Katika baridi kali hupambana na mambo mawili kwa pamoja. Saruji hushika polepole mno, lakini maji yaliyomo ndani ya zege huganda haraka. Kinachopatikana ni kizibo cha mchanga, kokoto na barafu, kilicho kigumu kama jiwe.

Njia ya kawaida ya kusafisha ni kuingiza mpira laini wa sponji katika bomba na kuupitisha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ili ufagie kila kitu. Wengine huusukuma mpira huo kwa maji. Katika baridi, maji hayo ni balaa nyingine, kwa kuwa tabaka lake jembamba hubaki limeganda katika ukuta wa bomba. Wengine hutumia hewa iliyoshindiliwa. Hewa ina hatari yake, nayo yafaa ielezwe wazi. Hewa iliyobanwa hutunza nguvu kama upinde uliovutwa. Zege la mbele likitoka, mpira na kokoto hufyatuka kama risasi. Kwa hiyo hewa haitumiki bila ya chombo cha kuudaka mpira mwishoni, wala bila ya watu waliofunzwa. Njia iliyo salama zaidi, kila inapowezekana, ni kuigeuza pampu ivute nyuma, ili mpira urudi kuelekea katika beseni ukifagia njiani. Baada ya hapo beseni hufunguliwa chini, huoshwa, na maji yake huachwa yatoke yote.

Kwa nini tunalikazania jambo hili? Kwa sababu hapa ndipo madhara yanapotoka kwenye mashine na kumfikia binadamu. Tufikirie kwamba kizibo cha barafu kimebaki katika kiwiko cha mkono. Asubuhi mwendeshaji anaanza kusukuma. Zege haliendi, kanieneo inapanda, na hewa iliyoko bombani inabanwa. Ghafla kizibo kinaachia. Mpira mzito unaoning'inia mwishoni mwa mkono hupigwa kwa nguvu na kuruka upande kama mjeledi. Mfanyakazi aliyeushika, au aliyesimama karibu yake, aweza kuvunjwa mifupa au kuuawa. Ndiyo sababu waendeshaji wenye ujuzi hawaruhusu mtu yeyote kuukaribia mpira wa mwisho wakati pampu inapoanzishwa, mpaka zege litoke mfululizo bila kukatika. Usafi wa jioni ni ulinzi wa maisha ya asubuhi.

Yapasa pia kukumbuka kwamba mashine nyingi za aina hii zina mtungi unaohifadhi mafuta yaliyogandamizwa, nao huendelea kuwa na nguvu hata injini ikiwa imezimwa. Mtu asitie mkono wake katika beseni au katika vali kuondoa barafu kabla nguvu hiyo haijaachiliwa na kipimo chake kurudi sifuri.

Vimiminika visivyo maji

Si maji peke yake yanayobadilika kwa baridi. Kila kimiminika kilichomo katika lori kina tabia yake.

Dizeli ina nta iliyoyeyuka ndani yake. Halijoto inaposhuka, nta hiyo huanza kujitenga, na mafuta huonekana kama yenye ukungu. Ikizidi kushuka, punje za nta huziba chujio, na injini hufa kwa njaa ingawa tangi limejaa. Kwa sababu hiyo, katika nchi za baridi huuzwa dizeli maalumu ya majira hayo, iliyopunguzwa nta au kuchanganywa na mafuta mepesi yanayofanana na mafuta ya taa. Lori lililojazwa dizeli ya kiangazi huko kusini, kisha likapelekwa Winnipeg, litasimama njiani. Kutia petroli katika dizeli ili kuifanya nyepesi ni kosa la hatari, kwa kuwa petroli hushika moto upesi mno. Aidha, tangi lijazwe jioni. Tangi tupu lina hewa nyingi, na mvuke wa hewa hiyo huganda kuwa matone katika kuta zake.

Mafuta ya haidroliki hayagandi kama maji, bali huongezeka mnato, yaani uzito wa kutiririka. Namba inayoandikwa kwenye pipa, kama vile 32 au 46, hupima mnato huo katika halijoto ya nyuzi 40. Mafuta ya kawaida ya namba 46, yakifika nyuzi 0, huwa mazito zaidi ya mara kumi. Yakifika nyuzi 20 chini ya sifuri huwa kama asali. Pampu ikilazimishwa kuyavuta kwa kasi hushindwa kujaa, na mapovu hutokea na kupasuka ndani yake, yakimong'onyoa chuma kidogo kidogo. Dawa yake ni kutumia mafuta mepesi yaliyoidhinishwa na mtengenezaji kwa majira hayo, na kuyapasha joto kabla ya kuyapa kazi.

Maji ya rejeta hayamwagwi kila siku, hivyo huchanganywa na kizuia-mgando, ambacho aghalabu ni ethilini glaikoli. Hapa pana jambo la kushangaza. Glaikoli tupu huganda katika nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, lakini mchanganyiko wa nusu glaikoli na nusu maji hauanzi kuganda mpaka ufike karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Molekuli za vitu hivyo viwili huzuiana zisijipange. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuzidisha dawa ni kuzidisha kinga amekosea. Mwenye busara hupima kwa chombo chake, hakisii. Na kwa kuwa glaikoli ni sumu yenye ladha tamu, isimwagwe ovyo mahali wanapopita watoto na wanyama.

Betri nayo ina siri yake. Betri iliyojaa umeme ina asidi kali, na haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Iliyokwisha nguvu ina maji zaidi ya asidi, nayo yaweza kuganda katika nyuzi 10 hivi tu chini ya sifuri na kupasuka. Hata iliyojaa hupoteza nguvu: katika nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa karibu nusu tu ya uwezo wake, wakati uleule ambapo mafuta mazito yanaifanya injini iwe ngumu kuzungushwa. Kwa hiyo betri ijazwe kabla ya usiku. Betri iliyoganda isitiwe umeme kabisa, kwani yaweza kulipuka.

Upepo, turubai na joto

Watu wengi hudhani kwamba upepo huzidisha ubaridi wa chuma kama unavyozidisha ubaridi wa ngozi. Hili lahitaji kufafanuliwa. Mwili wa binadamu hutengeneza joto wakati wote, na upepo huliondoa joto hilo upesi. Lori lililozimwa halitengenezi joto. Upepo hulifanya lipoe kwa haraka zaidi, lakini hauwezi kulishusha chini ya halijoto ya hewa yenyewe. Usiku usio na mawingu, kwa upande mwingine, chuma hutoa joto lake kuelekea angani na chaweza kuwa baridi kidogo kuliko hewa. Ndipo sakitu nyeupe inapoonekana juu yake asubuhi.

Vivyo hivyo, turubai halina joto lake. Likifunikwa juu ya injini ya moto, huchelewesha kupoa kwa saa chache. Likifunikwa juu ya pampu yenye maji na kuachwa usiku kucha katika nyuzi 21 chini ya sifuri, huahirisha tu kupasuka kwake. Turubai lina faida mbili za kweli: huzuia theluji isiingie katika beseni na katika mitambo, na hutunza joto pale ambapo pana chanzo cha joto.

Chanzo hicho mara nyingi ni umeme. Mwaka 1949 Andrew Freeman, wa jimbo la North Dakota nchini Marekani, alipata hataza ya kifaa cha umeme cha kupashia joto injini. Leo, katika miji kama Winnipeg, viwanja vingi vya kuegeshea magari vina soketi za umeme. Gari huchomekwa kama pasi, na injini yake hubaki na uvuguvugu mpaka alfajiri. Vifaa vya namna hiyo vipo pia kwa ajili ya betri na matangi ya mafuta. Saa chache kabla ya kuwasha hutosha, hapana haja ya usiku kucha. Lililo mwiko ni kupasha joto kwa moto wa wazi chini ya tangi au chini ya mabomba ya haidroliki. Waliojaribu njia hiyo ya mkato walipoteza lori zima.

Namna ya kuegesha

Lori liegeshwe mahali palipo sawa, pasipotuama maji, na nyuma ya ukuta au jengo la kulikinga na theluji inayopeperushwa. Mbao ziwekwe chini ya magurudumu, kwa sababu tope la jioni huwa barafu usiku na hulishika gurudumu kama gundi. Breki zilizolowa zikaushwe kwa kuzikanyaga kidogo wakati lori linapokaribia maegesho, maana breki iliyolowa ikifungwa usiku huganda ikashikamana na ngoma yake. Magurudumu yazuiwe kwa vigingi imara.

Mkono ukunjwe kabisa, na mpira wa mwisho uondolewe au ufungwe ukielekea chini ili usishike maji. Sehemu zote za kulainishwa zitiwe grisi mpya, inayosukuma nje maji yaliyojipenyeza kwenye viungo. Chumvi iliyomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ioshwe mapema, siku yenye nafuu, kwani huila rangi na kisha chuma.

Asubuhi

Kazi ya kulinda haiishi jua linapochomoza. Theluji na barafu vyote viondolewe juu ya mkono kabla haujainuliwa. Barafu ni mzigo ambao mhandisi hakuuhesabu, na kipande chake kikianguka kutoka ghorofa ya tano chaweza kumuua mtu. Injini iwashwe na iachwe izunguke polepole. Mafuta ya haidroliki yazungushwe bila mzigo mpaka yafike joto lililoandikwa na mtengenezaji. Kisha kila kiungo cha mkono kisogezwe taratibu, mara moja moja, huku macho yakitafuta uvujaji. Sanduku la maji lijazwe maji vuguvugu wakati kazi iko tayari kuanza, wala si mapema.

Hata baada ya hayo yote, uko mpaka usiovukwa. Watengenezaji wengi huonya mkono usitumiwe halijoto ikiwa chini ya nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Sababu ni kwamba chuma nacho hubadilika tabia. Chuma kinachopinda katika joto chaweza kukatika ghafla katika baridi. Dunia ilikumbushwa jambo hilo mwezi Januari 1943, meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilipopasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini huko Portland, Oregon, bila ya dhoruba wala mgongano. Kwa wajenzi wa Winnipeg maana yake ni kwamba mchana wa kawaida wa Januari wanaweza kufanya kazi, lakini alfajiri hawawezi. Kusubiri saa mbili si uvivu.

Ardhi nayo idanganyavyo! Udongo ulioganda huonekana mgumu kama lami, na mwendeshaji hushawishika kuishusha miguu ya lori juu yake bila ya mbao pana. Jua likipanda, tabaka la juu huyeyuka, mguu mmoja huzama, na lori lenye mkono uliokunjuliwa hupinduka. Mbao za kutandika chini ya miguu ni za lazima katika majira yote.

Faida kwa msomaji wetu

Huenda msomaji akauliza habari hizi zatufaa nini sisi ambao hatuijui sakitu ila vilele vya milima. Zatufaa kwa mambo mawili. Kwanza, mashine kuukuu zinazonunuliwa kutoka nchi za baridi zaweza kuja na majeraha ya huko. Mnunuzi achunguze ganda la pampu ya maji, kona za sanduku la maji na viwiko vya bomba, akitafuta nyufa au alama za kuungwa kwa kuchomelea. Ufa uliofichwa na barafu huko Kanada hauwezi kufichwa na jua la Dar es Salaam. Ajaze maji, aache saa nzima, kisha aangalie chini.

Pili, zipo nguvu kubwa zinazofanya kazi kimyakimya. Maji hayapigi kelele yanapoganda. Hayahitaji ila kusahauliwa mahali padogo na kupewa usiku mmoja. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwendeshaji wa lori la zege katika nchi ya baridi huuzuia ufa kabla haujazaliwa, kwa kufungua vizibo vichache kila jioni na kungoja mpaka tone la mwisho lidondoke. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Huiokoa mashine, na pengine humwokoa mwenzake atakayeushika mpira asubuhi.